Mtunzaji, mtunzi na kifurushi: maneno ya programu huria na fonti

mtunzaji *nm* wa- [a-/wa-] (kompyuta) mtu au kundi la watu wanaokiangalia kifurushi cha programu au cha fonti katika mfumo endeshi huria. Hukipokea kutoka kwa watunzi wake, hukifungasha ili kioane na mfumo, hukijaribu, hupokea taarifa za kasoro kutoka kwa watumiaji na kukiingiza tena ghalani kila toleo jipya linapotoka: *Mtunzaji wa kifurushi hiki amejitoa, nacho hakijapata mwingine.*

Fasili ni fupi, lakini neno lenyewe lina majirani ambao wanafunzi na wafasiri huwachanganya kila siku. Jirani wa karibu zaidi ni *mtunzi*. Neno hilo hutokana na kitenzi *tunga*, ambacho *g* yake hugeuka *z* mbele ya kiambishi *-i*, kama *jenga* inavyozaa *mjenzi*. *Mtunzaji* hutokana na *tunza*, kitenzi kingine kabisa. Katika programu huria watu hawa wawili mara nyingi hawajawahi kuonana. Mtunzi ameandika msimbo au amechora herufi. Mtunzaji ndiye aliyeifikisha kazi hiyo katika mfumo ambao mtumiaji wa Mwanza anaufungua asubuhi. Katika Debian, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kila kifurushi hubeba maelezo yanayomtaja mtunzaji wake, ilhali majina ya watunzi huwekwa katika faili jingine, la hakimiliki. Mfasiri anayeandika *mtunzi* mahali pa *mtunzaji* humpeleka msomaji kwenye mlango usio wake: kasoro iliyozaliwa wakati wa kufungasha itapelekwa kwa mtu ambaye hajawahi kukiona kifurushi, naye atajibu, kwa haki kabisa, kwamba programu yake ni nzima.

Panapofuata yambwa, umbo *mtunza* linakubalika na pengine ndilo lenye ladha zaidi ya Kiswahili: *mtunza kifurushi*, kama *mtunza bustani* au *mtunza kumbukumbu*. Pasipokuwa na yambwa, tumia *mtunzaji*. Wasomaji wa pwani watakumbuka pia *kutunza* kwa maana ya kumpa mwimbaji wa taarabu fedha jukwaani. Maana hiyo haina nafasi hapa, kwani watunzaji wengi wa vifurushi hujitolea bila malipo.

Yapo maneno mengine yaliyopendekezwa. *Mdumishaji* hubeba wazo la kukifanya kitu kibaki vilevile, na kazi hii ni kinyume chake: kifurushi hubaki na afya kwa sababu kinabadilishwa kila mara. *Msimamizi* limekwisha kuchukuliwa na msimamizi wa mfumo, na kabla yake na msimamizi wa mirathi. *Mlezi* ni neno la heshima, lakini mlezi wa chama cha wanafunzi anaweza kumaliza mwaka bila kushika chochote. *Ukarabati* husubiri kitu kiharibike. Ukitaka mfano wa kutunza kwa maana inayokusudiwa hapa, mtazame mvuvi wa Busisi anayeukalafati mtumbwi wake ungali unaelea vizuri.

Kifurushi na ghala

*Furushi* ni vitu vilivyofungwa pamoja katika nguo, na *kifurushi* ni udogo wake. Katika programu, kifurushi ni faili moja lenye vitu vya aina mbalimbali ndani yake: programu yenyewe au fonti, maelezo, namba ya toleo, jina la mtunzaji na orodha ya vifurushi vingine vinavyohitajika. Huku Usukumani mtu angeweza kushawishika kutumia *robota*, neno la viwanda vya kuchambua pamba. Robota hushindiliwa likabana, lakini ndani yake mna pamba tu, na hakuna anayelifungua ili ajue limetengenezwa na nani. *Kifurushi* kinafaa zaidi.

Tatizo lake ni mtaani. Mtu akisema katika njia panda ya Usagara, pale barabara ya Busisi inapoachana na ile ya Shinyanga, kwamba kifurushi chake kimekwisha, hakuna atakayedhani anazungumzia Debian. Kampuni za simu zimelitumia neno hilo kwa muda wa maongezi na data, na matumizi hayo hayarudi nyuma. Sentensi *Nilinunua kifurushi cha wiki ili nipakue vifurushi vya fonti* ni sahihi kisarufi na inamsumbua msomaji bure. Ninashauri *bando* kwa data ya simu, hata katika maandishi rasmi ya kufundishia, na *kifurushi cha programu* au *kifurushi cha fonti* katika kutajwa kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo *kifurushi* peke yake kinatosha.

Mahali vifurushi vinapowekwa, tumia *ghala* [li-/ya-], lenye umbo zuri la mahali: *kimeingia ghalani*, *kimeondolewa ghalani*. *Hazina* humkumbusha msomaji serikali na fedha. *Hifadhi*, kwa mkazi wa Mwanza, ni Saanane kwanza.

Kuhusu *huria* na *bure*: programu huria ni ile ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Huenda ikawa bure, huenda isiwe. Neno lina maana ileile iliyo katika *soko huria* na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako wanafunzi hulipa ada.

Kwa dhana ya mahali kazi inapoanzia, yaani kwa watunzi, kabla haijafika kwa watunzaji, wafasiri wengine huandika *mkondo wa juu*. Inaeleweka, lakini Kiswahili kina neno lililo tayari. *Chanzo* ni chanzo cha mto na pia ni msimbo chanzo, na *chanzoni* husema yote mawili kwa pamoja: *Kasoro hii imerekebishwa chanzoni, bado haijafika ghalani.* Mkulima wa Magu anayeuona Mto Simiyu ukiingia ziwani anajua kwamba tope alionalo halikuanzia hapo. Mfumo mmoja unaweza kuwa chanzo cha mwingine: Ubuntu, uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, hupokea vifurushi vyake vingi kutoka Debian. (Jina *ubuntu*, kutoka lugha za kusini mwa Afrika, ni ndugu wa *utu*, Msukuma atamtambua humo *munhu* wake.)

Kitegemezi na kitegemewa

Kosa baya kuliko yote katika tafsiri za eneo hili ni la mwelekeo. Kifurushi A kikihitaji kifurushi B ili kifanye kazi, A *kinategemea* B. Basi A ni *kitegemezi*, kama vile mtoto alivyo mtegemezi wa mzazi, na B ni *kitegemewa*. Wafasiri wengi huona neno la Kiingereza linalotaja B na kuliandika *kitegemezi*, kwa kuwa ndilo umbo walilolizoea masikioni. Matokeo yake ni onyo linalosema kinyume: *Ukiondoa kifurushi hiki, vitegemezi vyake vitaacha kufanya kazi* ni kweli, *Sakinisha kwanza vitegemezi vyake* ni upuuzi, kwani humtaka mtu aweke paa kabla ya kuta. Andika *Sakinisha kwanza vitegemewa vyake*, au kwa wepesi zaidi, *Sakinisha kwanza vifurushi kinavyovitegemea*.

*Sakinisha* lenyewe limejengwa juu ya *sakini*, kukaa mahali, kwa hiyo ni kukifanya kitu kikae. Ninalipenda kuliko *simika*, ambalo huku kwetu bado linanukia sherehe ya kumtawaza mtemi, na kuliko *sanidi*, ambalo linafaa liachiwe kazi ya kupanga mipangilio.

Ngeli ndani ya nafasi tupu

Hapa ndipo isimu inapoingia kazini kwa nguvu zote. Ujumbe unaomwarifu mtumiaji kwamba kitu fulani kimeondolewa huandikwa na mtunzi wa programu ukiwa na nafasi tupu, aghalabu kwa alama %s, na kompyuta hupachika jina la kitu hicho wakati wa kutumika. Kiingereza hakijali ni kitu gani. Kiswahili huuliza hapohapo: cha ngeli gani? Fonti *imeondolewa*, faili *limeondolewa*, kifurushi *kimeondolewa*, mtumiaji *ameondolewa*. Mfasiri anayeandika *%s imeondolewa* amecheza bahati nasibu.

Dawa ya kwanza ni kuitaja nomino ya jumla kabla ya nafasi: *Kifurushi %s kimeondolewa.* Upatanisho sasa unafuata neno ambalo mfasiri analijua, na jina lolote litakalopachikwa halitauvuruga. Dawa hii haifai pale ujumbe mmoja unapotumika kwa vitu vya aina tofauti. Hapo tumia kitenzi-jina, ambacho hubeba ngeli yake chenyewe: *Kuondolewa kwa %s kumekamilika.* Ni sentensi nzito kidogo, lakini haikosei kwa kifurushi wala kwa mtu.

Idadi ina mitego yake. Katika Kiingereza namba hutangulia. Katika Kiswahili nomino hutangulia, na mfasiri ana ruhusa ya kuihamisha alama ya namba: *Vifurushi %d vitasakinishwa.* Majalada ya tafsiri huwa na nafasi mbili, ya umoja na ya wingi. Zijaze zote mbili kwa uangalifu: *kifurushi %d kitasakinishwa* kwa moja, na umbo la wingi kwa idadi nyingine zote, pamoja na sifuri. Anayenakili umbo moja katika nafasi zote mbili ndiye anayetuletea *vifurushi 1*.

fonti *nm* [i-/zi-]

Seti ya maumbo ya herufi, tarakimu na alama yenye mtindo mmoja, iliyowekwa katika faili ili kompyuta iitumie kuandika: *Fonti hii haina herufi ɪ.* Wingi ni *fonti*, bila *ma-*. Lisichanganywe na *herufi*. Herufi *a* ni ileile katika kila fonti. Linalobadilika ni umbo lake. *Badilisha herufi* ni amri ya kusahihisha tahajia. *Badilisha fonti* ni amri ya kubadilisha sura.

Kiswahili sanifu kwa herufi za Kirumi hakina herufi hata moja isiyopatikana katika fonti ya kawaida, na kwa sababu hiyo walimu wengi wa Kiswahili hudhani jambo hili haliwahusu. Linawahusu wakianza kuandika juu ya lugha za jirani. Kisukuma kina irabu saba. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kuzionyesha zote huhitaji ɪ na ʊ, na kwa kuwa Kisukuma ni lugha ya toni, huhitaji pia alama ya toni juu yake. Herufi *í* ina nafasi yake maalumu katika Unikodi, lakini ɪ́ haina. Huandikwa kwa vipande viwili, herufi kisha alama, na ni kazi ya fonti kuiweka alama pale panapostahili. Fonti isiyoandaliwa kwa kazi hiyo huifanya alama ielee pembeni, mara nyingine juu ya konsonanti inayofuata. Isiyo na herufi kabisa huonyesha kisanduku kitupu.

Fikiria basi tasnifu iliyoandikwa nyumbani kwa fonti sahihi, ikapelekwa kwa flashi katika steshenari ya Usagara au Nyegezi na kuchapwa na kompyuta ambayo haina fonti hiyo. Karatasi zinatoka safi, zina jalada, na jedwali la irabu lina visanduku vitatu. Mtahini hawezi kujua kama mwanafunzi alisikia toni ya juu au hakusikia. Kinga ni mbili. Ya kwanza ni kuchapa kutoka katika PDF, ambayo hubeba fonti ndani yake. Ya pili ni kutumia fonti huria inayotunzwa, ambayo mwenye steshenari anaweza kuisakinisha mara moja kwa megabaiti chache.

Fonti zinazofaa zaidi kwa kazi hii ni za SIL: Charis, Doulos, Gentium na Andika. Hii ya mwisho ina jina la Kiswahili, kitenzi *andika* katika hali ya kuamuru, na ilibuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma: *a* yake ina umbo lile tunalolichora kwa mkono, na herufi zinazofanana zimetenganishwa ili mtoto asizichanganye. Katika Debian kifurushi chake huitwa fonts-sil-andika. Leseni yake, Leseni Huria ya Fonti ya SIL, inaruhusu kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, inakataza kuiuza peke yake, na inampa mtunzi haki ya kulilinda jina: anayeibadilisha humpa zao lake jina jingine. Sharti hilo lina maana kubwa kwa mtunza kifurushi. Hata akiongeza herufi moja anayoihitaji, ama aipeleke chanzoni ipokelewe, ama aibatize fonti upya. (Ipo pia zana huria iitwayo Andika!, yenye alama ya mshangao, ya kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ni kitu kingine.)

Wanaotakiwa na chuo kutumia Times New Roman, nao wanafanya kazi katika mfumo huria, watumie Liberation Serif, iliyotolewa na Red Hat mwaka 2007. Upana wa herufi zake ni sawa na wa Times New Roman, hivyo mistari na kurasa hazisogei hati inapofunguliwa kwingine.

Yatima

Kifurushi kisicho na mtunzaji huitwa *kifurushi yatima*, na anayejitolea kukichukua *hukiasili*, kwa kitenzi kilekile kinachotumika kisheria kwa mtoto. Istilahi hizi zinaonekana za huruma kupita kiasi mpaka mtu aone yatima anavyofifia. Kwa wafasiri, kufifia huko kuna utaratibu unaojulikana. Mtunzi wa programu akibadilisha sentensi ya asili, hata kwa neno moja, tafsiri yake huwekwa alama ya shaka. Mpaka mtu aipitie na kuithibitisha, programu huiacha na kuonyesha Kiingereza. Hakuna aliyeifuta tafsiri. Imezimika tu, ujumbe mmoja baada ya mwingine, hadi menyu inakuwa nusu kwa nusu.

Ndiyo maana historia ya Jambo OpenOffice inafaa kufundishwa katika kozi za tafsiri. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi, uliitoa programu hiyo ya ofisi kwa Kiswahili mwishoni mwa mwaka 2004. Ilikuwa kazi kubwa: ilibidi kwanza kukubaliana juu ya mamia ya istilahi, kisha kuzipachika katika maelfu ya sentensi. Oktoba 2005 OpenOffice.org 2.0 ikatoka, ikiwa na sehemu nzima mpya ya hifadhidata, Base, ambayo sentensi zake hazikuwamo katika tafsiri ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2010 likazaliwa tawi lake, LibreOffice, ambalo limeendelea kubadilika tangu hapo. Kamusi iliyochapwa mwaka 2004 bado inasomeka leo kama ilivyochapwa. Tafsiri ya programu ya mwaka huohuo haisomeki bila mtu wa kuipitia kila toleo. Kwa maoni yangu, bajeti ya mradi wa aina hii isiyotenga fungu la utunzaji baada ya uzinduzi imehesabu nusu ya kazi.

Alama ya ng'

Kiswahili kina kikagua tahajia huria, kifurushi hunspell-sw, ambacho faili zake huitwa sw_TZ. Wanaokitumia huona kwamba kitenzi sahihi chenye viambishi vingi, mathalani *hawatakisakinisha*, huweza kupigiwa mstari mwekundu. Neno likikosekana katika orodha, taarifa humfikia mtunzaji, naye huipeleka chanzoni, maana orodha ya maneno ni ya watunzi.

Lakini mara nyingi kinachokosewa si neno, ni alama. *Ng'ombe* huandikwa kwa alama iliyonyooka (U+0027), kwa iliyopinda (U+2019), na kwa bahati mbaya hata kwa alama ya mkazo. Kwa jicho ni kitu kimoja; kwa kompyuta ni maneno tofauti, na baadhi ya programu hulikata neno pale kwenye alama na kulalamikia *ombe*. Kwa Kiswahili athari ni ndogo kwa kuwa maneno hayo si mengi. Kwa Kisukuma, ambacho *mwana* wake ni *ng'wana* na chenye *ng'w* na *ng'h* kila mstari, athari ni kubwa. Ipo alama ya tatu, U+02BC, ambayo Unikodi huihesabu kuwa herufi, hivyo hailikati neno. Inafaa kwa hifadhidata za lugha, ingawa haipo katika vibodi vya kawaida. Chagua moja, uitaje katika utangulizi wa kazi yako, na uibadilishe hati nzima kwa amri moja kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Anayetafuta Ng'wanamalundi katika hati za watu wengi ajaribu alama zote tatu, kisha ajaribu Mwanamalundi.